Kuchagua Chuo cha Uhandisi: Makerere au Kyambogo?

Hotuba ya mwalimu wa sekondari ya jumuiya, iliyosomwa katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni



Kamati imetupa sisi walimu nafasi ya kusema neno juu ya elimu ya juu. Tutasema juu ya jambo moja tu, lile ambalo kambi nzima inalizungumza. Binti mmoja wa hapa kwetu amepata barua mbili za kukubaliwa kusomea uhandisi wa ujenzi. Moja ni ya Chuo Kikuu cha Makerere, nyingine ni ya Chuo Kikuu cha Kyambogo. Barua zote mbili zina tarehe ya mwisho ya kujiandikisha, na tarehe hiyo haitungojei.

Tangu barua zifike tumegawanyika. Wako wanaosema aende Makerere kwa sababu ya jina. Wako wanaosema aende Kyambogo kwa sababu ada iliyoandikwa katika barua yake ni ndogo. Sisi walimu tunawaheshimu wote, lakini tunaona ya kwamba maswali ya kwanza hayajaulizwa.

Kwanza tuvifahamu vyuo vyenyewe. Makerere ilianza mwaka 1922, na haikuanza na madaktari wala mawakili. Ilianza kama shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, waliofundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Kyambogo kama chuo kikuu ni ya mwaka 2003, ilipoundwa kwa kuunganisha chuo cha ufundi, chuo cha walimu na taasisi ya elimu maalum. Lakini kile chuo cha ufundi ni cha zamani. Chanzo chake ni shule ndogo ya ufundi ya mwaka 1928, nayo ilikuwa kule kule Makerere. Basi anayesema kwamba kimoja ni chuo na kingine ni karakana, ajue ya kwamba vyote viwili vilizaliwa karakanani.

Leo vinatofautiana. Makerere ina utafiti mwingi. Huko ndiko wanafunzi na walimu walikotengeneza gari la umeme la Kiira EV lililoonyeshwa mwaka 2011. Kyambogo imerithi desturi ya ufundi wa mikono, na kozi yake inaunganisha uhandisi na ujenzi wa majengo. Katika vyuo vyote viwili uhandisi ni miaka minne, na mwanafunzi hupelekwa kufanya mazoezi ya kazi kwenye makampuni au miradi.

Sasa tuje kwenye maswali. Tunayo manne.

Swali la kwanza: je, kozi hiyo inatambuliwa? Si chuo tu, bali kozi yenyewe. Nchini Uganda ithibati ya kozi hutolewa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Mwaka 2023 wazazi wengi walishtuka kusikia kwamba kozi nyingi za vyuo vikuu, vikiwemo vyuo vyenye sifa kubwa, zilikuwa zimepitwa na muda wa ithibati. Vilevile iko Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Mtu haitwi mhandisi aliyesajiliwa kwa kuwa na shahada tu. Bodi huangalia shahada hiyo imetoka wapi, na mtu amefanya kazi gani chini ya wahandisi wenye uzoefu. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, Kamati iulize katika ofisi hizo mbili, na majibu yawe kwa maandishi.

Swali la pili: je, karatasi zetu ziko sawa? Hapa ndipo watoto wa wakimbizi wengi huanguka. Aliyesoma Kongo na kupata Diploma ya Serikali ni lazima cheti chake kilinganishwe na Baraza la Mitihani la Uganda, na kazi hiyo huchukua muda na fedha. Aidha, jina lililo kwenye cheti, jina lililo kwenye kadi ya familia na jina lililo kwenye barua ya chuo yawe jina moja, herufi kwa herufi. Marekebisho yafanyike sasa, si siku ya kujiandikisha. Nanyi wanafunzi mlio bado madarasani, sikilizeni: mlango wa uhandisi ni hisabati na fizikia. Aliyekwisha kuacha masomo hayo asidanganywe na mtu.

Swali la tatu: je, nani atalipa mpaka mwaka wa nne? Ufadhili wa DAFI, unaotolewa kupitia UNHCR, ulianza mwaka 1992 kwa fedha za Serikali ya Ujerumani, na umewasomesha wakimbizi wengi katika nchi walizokimbilia. Lakini nafasi ni chache kuliko waombaji. Kwa hiyo tuhesabu kana kwamba ufadhili haupo. Tuulize barua inamhesabu binti huyu kama nani: mwananchi, mkimbizi, mtu wa Afrika Mashariki, au mgeni wa kawaida? Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, kwa hiyo swali hilo lina maana, na jibu lake linaweza kubadili ada yote. Halafu tuongeze chumba, chakula, nauli, vifaa vya kuchorea, na gharama za kuishi wakati wa mazoezi ya kazi. Tuweke na akiba ya dharura. Makerere ilifungwa kuanzia Novemba 2016 hadi Januari 2017. Muhula ukisogea, mwenye nyumba huko Kampala hasogezi kodi yake.

Swali la nne: je, elimu hiyo itafanya kazi wapi? Hatujui kama binti huyu atafanya kazi Uganda, au atarudi Kongo, au atakwenda kwingine. Popote aendapo ataulizwa si cheti tu, bali orodha ya masomo, saa alizosoma na alama alizopata. Azitunze karatasi hizo tangu muhula wa kwanza. Na asiache Kifaransa, maana daraja la Kongo litasainiwa kwa Kifaransa.

Ndugu zangu, wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo inamsema mvivu. Lakini mkulima wa kweli naye hulitazama jembe kama mpini wake utafika mwisho wa msimu.

Basi maoni yetu ni haya. Ikiwa kozi zote mbili zinatambuliwa, na ufadhili ukapatikana, binti achague mwenyewe, na akichagua Makerere tumpigie makofi. Ikiwa ufadhili haukupatikana, aende pale ambapo michango yetu itamfikisha mwaka wa nne, hata kama jina lake halitikisi watu. Shahada iliyokamilika ya Kyambogo inajenga daraja. Miaka miwili ya Makerere iliyokatika haijengi hata kalvati.

Tunaongeza neno kwa akina baba. Katika mabishano haya yote hatujasikia mtu aliyemwuliza binti mwenyewe anataka kujenga nini. Makerere ilianza mwaka 1990 kuwaongezea wasichana alama 1.5 ili waingie chuoni. Kama chuo kiliona haja ya kumsogezea msichana mlango, sisi tusimzibie mdomo.

Tunaiomba Kamati mambo matatu: ichague watu wawili wa kwenda Kampala wiki hii kuuliza katika ofisi tulizozitaja, fedha za michango ziandikwe katika daftari moja linaloonwa na wote, na kila kijana atakayepata barua baada ya huyu aulizwe maswali haya haya manne. Mwaka 2019 ni wakimbizi 3 tu kati ya 100 duniani waliokuwa katika elimu ya juu, na UNHCR imeweka lengo la kufikia 15 kati ya 100 ifikapo mwaka 2030. Lengo hilo halitatimizwa na wanaoanza. Litatimizwa na wanaomaliza.