Vyura wa Bwawa la Nairobi

Chura hanywi maji kwa mdomo. Huyafyonza kwa ngozi, na kwa ngozi hiyohiyo hupata sehemu ya hewa anayohitaji. Sabuni, oili ya gari au maji ya choo yakimwagika mtoni, sumu zake huingia kwa urahisi mwilini mwa chura. Ndiyo maana hali ya vyura wa Silanga, kijiji cha Kibera kilicho kando ya Bwawa la Nairobi, hutegemea sana hali ya maji.

Bwawa hilo lilijengwa mwaka 1953 kwa kuuzuia Mto Motoine, ili jiji lipate maji ya kunywa. Lilikuwa na ukubwa wa hekta zipatazo 35, na watu walistarehe humo kwa mashua za matanga. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 lilikuwa limefunikwa na magugu maji. Maji taka, takataka na udongo unaoshuka na mto vimejaza sehemu kubwa yake, na juu ya tope hilo wakazi hulima nduma na mboga. Magugu huziba mwanga; kinyesi na mimea inayooza humaliza oksijeni. Viluwiluwi hupumua kwa matamvua kama samaki, kwa hiyo wengi hufa hata kabla ya kuota miguu. Vyura wakubwa wanaweza kusikika wakilia usiku kucha mahali ambapo watoto wao hawakui tena.

Anayestahimili zaidi kati ya vyura wa Nairobi ni yule mwenye makucha, Xenopus borealis. Huishi majini karibu maisha yake yote, hana ulimi, na hupanda juu kuvuta hewa kwa mapafu, hivyo maji yaliyotuama hayamsumbui sana. Hula wadudu wa majini, wakiwemo mabuu ya mbu. Vyura wadogo wa matete, wa jamii ya Hyperolius, hawana ustahimilivu huo. Wao huhitaji majani ya ukingoni pa kukalia, pa kuitia majike na pa kutagia. Ukingo ukifyekwa wote, hutoweka hata maji yakiwa masafi. Usafishaji unaozoa taka pamoja na kila unyasi, kisha ukamalizia kwa ukuta wa saruji, huwanufaisha wapita njia tu.

Wapo watu wenye huruma wanaofikiri kwamba chura akitolewa kwenye maji machafu na kupelekwa Msitu wa Barabara ya Ngong, ameokolewa. Wanakosea, na kosa lenyewe ni la hatari. Kuvu iitwayo Batrachochytrium dendrobatidis, inayoshambulia ngozi ya vyura, imeangamiza spishi nyingi Australia na Amerika ya Kati, na husafiri na vyura wanaohamishwa, hata na tope la viatu. Tanzania inaifahamu. Kwenye bonde la Mto Kihansi, katika milima ya Udzungwa, aliishi chura mdogo, Nectophrynoides asperginis, ambaye huzaa badala ya kutaga, katika eneo dogo mno lililoloweshwa na rasharasha za maporomoko. Mwaka 2000 bwawa la umeme lilipopunguza maji hayo, vyura 499 walipelekwa Marekani kutunzwa. Mitambo ya kunyunyiza maji ilifungwa bondeni, lakini mwaka 2003 idadi yao iliporomoka na kuvu hiyo ikapatikana. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini, na kazi ya kuwarudisha ilianza mwaka 2012. Ni kazi ya gharama kubwa mno.

Silanga haijafika huko. Chura abaki alipo. Kidimbwi kikichimbwa, kiwe na kingo za mteremko na kisitiwe samaki, kwani samaki hula mayai na viluwiluwi. Oili isimwagwe kwenye madimbwi kwa ajili ya kuua mbu, maana huua viluwiluwi pia. Lakini kazi kubwa si ya mkazi mmoja mmoja. Kanuni za maji za Kenya tayari zinataka kando ya mto iachwe wazi kwa upana wa mita 6 hadi 30. Serikali ya Kaunti ya Nairobi inapoitekeleza kanuni hiyo Silanga, iwatafutie kwanza wakazi makao na vyoo vilivyounganishwa na bomba la maji taka, kisha iuache ukingo uote matete.