Mawaziri Wasio na Wizara



Mgeni aingiaye katika Baraza la Makabwela, mjini London, huona mabenchi yamepangwa pande mbili yakielekeana. Upande wa kuume wa Spika huketi wajumbe wa chama kinachotawala. Upande wa kushoto huketi wapinzani wao. Sakafuni imo mistari miwili myekundu, na kila mjumbe anaposema hukatazwa kuuvuka mstari wa upande wake. Husimuliwa kwamba nafasi iliyo kati ya mistari hiyo ni urefu wa panga mbili. Maana yake ni wazi: hapo watu hushindana kwa maneno, si kwa silaha.

Katika benchi la mbele, upande wa kushoto, huketi Kiongozi wa Upinzani pamoja na wenzake wakubwa. Hao ndio waitwao Baraza la Mawaziri Kivuli. Kama vile kivuli kimfuatavyo mtu kila aendako, ndivyo kila waziri mkubwa wa Serikali alivyo na mwenzake wa upinzani amfuataye. Waziri wa Fedha anaye wake, wa Mambo ya Nje anaye wake, na wa Elimu hali kadhalika. Mawaziri kivuli hawana wizara, wala hawawezi kutia sahihi amri yoyote. Kazi yao ni kuyachungua matendo ya Serikali, kuuliza maswali, kuonyesha makosa, na kueleza wao wangalifanya nini.

Huenda mtu akauliza: Je, huku si kuiasi Serikali? Waingereza walikwisha kulijibu swali hilo zamani. Mwaka 1826 mjumbe mmoja, John Cam Hobhouse, alitaja kwa mzaha “Upinzani wa Mtukufu Mfalme”, na jina hilo likashika. Maana yake ni kwamba mtu aweza kumpinga Waziri Mkuu bila kuwa adui wa nchi yake. Tena mwaka 1937 ilipitishwa sheria ya kumlipa Kiongozi wa Upinzani mshahara wa pauni 2,000 kwa mwaka kutoka katika fedha za umma. Wa kwanza kuupokea alikuwa Clement Attlee. Basi, nchi humlipa mtu ambaye kazi yake ni kuikosoa Serikali!

Faida ya jambo hili huonekana siku ya mabadiliko. Katika uchaguzi wa tarehe 1 Mei 1997, chama cha Labour kilishinda baada ya kukaa miaka 18 katika upinzani. Kesho yake Tony Blair akawa Waziri Mkuu, na Gordon Brown, aliyekuwa waziri kivuli wa fedha tangu mwaka 1992, akaingia Hazina. Tarehe 6 Mei alitangaza kwamba Benki Kuu ya Uingereza itajiamulia yenyewe kiwango cha riba. Jambo kubwa namna hiyo halikubuniwa kwa siku nne. Lilifikiriwa wakati wa upinzani. Naye John Major, aliyeshindwa, alihamia benchi la upande wa pili, akawa Kiongozi wa Upinzani kwa muda. Hapakumwagika damu, wala kazi za nchi hazikusimama.

Hata hivyo, kivuli nacho chaweza kupasuka. Mwezi wa Juni 2016 wengi wa mawaziri kivuli wa Jeremy Corbyn walijiuzulu katika siku chache tu. Upinzani unaogombana wenyewe kwa wenyewe hauwezi kuichungua Serikali barabara, na hasara ni ya wananchi wote.

Tena cheo hiki humfunza adabu yule akishikaye. Asemaye ovyo, akiahidi asiyoyaweza, huenda kesho akapewa kazi ileile na kudaiwa maneno yake.

Wahenga walisema, kinyozi hajinyoi. Serikali nayo, hata iwe njema namna gani, haiwezi kuyaona makosa yake yote yenyewe. Yafaa awepo mwingine wa kuyaona, ayaseme hadharani, naye awe tayari kuishika kazi hiyo mwenyewe atakapoitwa.