Kimya Chenye Jibu: Michezo na Stadi ya Kusikiliza katika Somo la Lugha



Kabla ya nadharia, naomba tucheze. Nitataja wanyama. Anayeliwa, itikeni "nyama!" Asiyeliwa, nyamazeni. Ng'ombe! Mbuzi! Kondoo! Fisi!

Ahsanteni. Naona safu mbili za mbele zimekula fisi.

Wengi wenu mliucheza mchezo huu uani, mkiruka kila mlipoitikia. Leo nimeuleta ukumbini kwa sababu moja: kwa muda usiozidi nusu dakika nimejua nani alisikiliza na nani alichukuliwa na mdundo. Darasani tunaweza kukaa muhula mzima bila kulijua hilo.

Nilipoanza ualimu, nilifundisha kusikiliza kama nilivyofundishwa. Nilisoma kifungu kwa sauti, kisha nikauliza maswali matano. Mwanafunzi mmoja aliyajibu yote, nami nikamsifu mbele ya wenzake kwa usikivu wake. Akanijibu kwa adabu, "Mwalimu, kifungu chenyewe kimo kitabuni." Nilikuwa nimepima kusoma, nikakuita kusikiliza.

Kosa lile lina mizizi katika lugha yetu. Tukisema mtoto ni msikivu, mara nyingi tunamaanisha kwamba ni mtiifu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapo kusikia ni kutii. Tumeingia na maana hiyo darasani, na mwalimu anapopaza sauti, "Sikilizeni!", watoto wanaelewa kwamba wameambiwa wanyamaze. Wakinyamaza, anaridhika. Lakini kimya hicho hakimwambii chochote. Huenda yumo anayefuata kila neno, na yumo anayewaza chakula cha mchana.

Sasa rudini kwa fisi. Aliyenyamaza alipotajwa fisi alikuwa amejibu. Alilisikia neno, akalipima, akauzuia mdomo uliokwisha kuzoea kuitikia. Hoja yangu leo ni hii: mchezo mzuri wa kusikiliza hukifanya hata kimya kuwa jibu ambalo mwalimu analiona papo hapo.

Tuuhamishe basi mchezo huo kwenye sarufi. Badala ya wanyama, mwalimu anataja vikundi vya maneno: kisu kikali, miti mirefu, maji baridi, kiti mzuri. Upatanisho ukikaa sawa, darasa linaitikia, ukiharibika, linanyamaza. Mwanafunzi hana wakati wa kukariri jedwali la ngeli. Sikio lake ndilo linaloamua.

Kiswahili kinalidai sikio hilo kuliko tunavyodhani, maana mengi yamebebwa na silabi ndogo mwanzoni mwa kitenzi. "Hakusoma" na "hukusoma" zimetenganishwa na irabu moja, lakini ya kwanza inamsema mtu mwingine na ya pili inakulaumu wewe. Kwa hiyo nawapendekezea mchezo wa kalamu. Wanafunzi wanaketi kwa makundi, kalamu iko kwa mmoja, mwalimu anatoa amri: nipe, mpe, wape, tupe. Kalamu ikienda kusikostahili, kila mtu anaona ni silabi ipi iliyopotea njiani.

Kwa matamshi, chagueni jozi kulingana na lugha za kwanza za wanafunzi wenu. Anayechanganya l na r mpeni kadi mbili, moja ya mahali na nyingine ya mahari, ainue ile aliyoisikia. Kwa mkazo tunayo barabara: mkazo ukiwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ni njia ya magari, ukirudi silabi moja nyuma, ni sawasawa kabisa. Maandishi hayaonyeshi tofauti hiyo. Ni sikio peke yake linaloipata.

Lakini si kila mchezo unafaa. Uko ule wa kunong'onezana sentensi kutoka mtu hadi mtu mpaka ifike mwisho imegeuka kichekesho. Unapendwa sana, ila katika darasa la watoto sitini mmoja anasikiliza na hamsini na tisa wanangoja. Ukitaka kuutumia, gawa darasa kwa safu fupi, zote zianze kwa pamoja. Kabla ya kuchagua mchezo wowote, jiulizeni: kwa dakika hii, ni masikio mangapi yanafanya kazi?

Wazo hili la kujibu bila kusema lina historia. Tangu miaka ya 1960, mwanasaikolojia James Asher wa San José, California, alieneza mbinu ya kufundisha lugha kwa amri zinazotendwa kwa mwili. Mwalimu anaamuru, mwanafunzi anatenda, wala halazimishwi kuzungumza kabla hajawa tayari. Mbinu hiyo ina mpaka wake: ni rahisi kutenda "simama" au "fungua dirisha", ni vigumu kutenda "ingawa" au "huenda". Lakini ilitukumbusha kwamba mwanafunzi asiyesema bado anaweza kuonyesha kwamba ameelewa.

Hapa kwetu Afrika Mashariki, Zanzibar ilikuwa na kipindi cha redio cha watoto wadogo kilichoitwa Tucheze Tujifunze. Siri ya vipindi vya namna hiyo ni nafasi ya kimya iliyoachwa makusudi. Mtangazaji anauliza au anaagiza, kisha ananyamaza, ili mtoto ajibu kwa sauti au kwa mwili. Chombo kisichoweza kumwona mtoto kilimwachia kimya kwa ajili ya jibu lake. Sisi tunaowaona watoto mara ngapi tunauliza swali na kulijibu wenyewe?

Najua mtakayoniuliza. Kwanza, kelele: mwalimu wa darasa jirani atagonga ukuta. Ndiyo maana baadhi ya michezo niliyoitaja huchezwa kwa kuinua kadi au kupitisha kalamu. Pili, mtihani. Nchini Kenya, Kiswahili katika mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, kimekuwa na karatasi tatu: insha, lugha na fasihi. Zote hufanywa kwa kalamu. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, unataja kusikiliza na kuzungumza kama mada, na hilo ni jambo jema. Lakini mwalimu hufundisha kinachopimwa. Nawaomba watunzi wa mitihani waliomo humu watafute njia ya kulipima sikio, hata ikiwa ni kwa alama chache zitakazotolewa na mwalimu mwenyewe darasani.

Wazee wetu hawakusubiri mtaala. Mtegaji kitendawili haanzi mpaka aitikiwe "Tega!" Msimulizi akisema "Paukwa!" hungoja "Pakawa!" Bila itikio hilo hadithi haiendi, kwa sababu msimulizi hajapewa masikio.

Walimu, kesho asubuhi mkiingia darasani, msiseme "Sikilizeni." Tajeni ng'ombe, tajeni mbuzi, kisha tajeni fisi, na mhesabu walionyamaza.

Safu mbili za mbele, nawashukuru kwa namna ya pekee.