Chai nzuri inataka njia wazi
Maneno yaliyosemwa mbele ya kikundi cha wamama na vijana, Kivu ya Kusini



Mliniomba niseme juu ya chai, maana mnajua napenda kuionja. Nimeonja ya kwetu Kivu, ya Rwanda na ya Burundi, zote bila sukari wala maziwa, ili ulimi usidanganywe.

Ile ya Kivu niliiona nzito na nyekundu. Inapatana sana na maziwa na tangawizi. Ya Rwanda ilikuwa nyepesi, yenye kung'aa kikombeni. Ya Burundi niliiweka katikati. Nikaonja pia chai ya kijani: inanukia majani mabichi, nayo ukiitilia maji yanayotokota inakuwa chungu.

Ndugu zangu, hizo zote zinatoka kwa mti wa aina moja. Majani ya chai nyeusi yanakatwakatwa na kuachwa yapate hewa mpaka yabadilike rangi. Ya kijani yanapashwa moto mapema ili yasibadilike. Tofauti nyingi zinatokana na udongo, na pia na namna mikono ya watu ilivyoyatunza.

Lakini kikombe kimoja kilinishangaza. Kilikuwa na ladha ya nyasi zilizolala ndani ya gunia. Mama mmoja aliyechuma chai miaka mingi alikionja, akasema: «Majani haya yalichelewa njiani.»

Hapo ndipo nataka tufikiri pamoja. Majani yakichumwa, yanapaswa kufika kiwandani siku ile ile. Njia ikifungwa kwa bunduki au kizuizi, yanapata moto ndani ya gunia na kuharibika. Mama aliyechuma kwa kilo anarudi nyumbani mikono mitupu. Na mti wenyewe unangojewa karibu miaka 3 kabla ya kuvunwa vizuri, kisha unaweza kuzaa kwa miaka mingi sana. Vita vya 1996 na 1998 vilifanya mashamba mengi ya Kivu kugeuka pori. Hasara ya namna hiyo hairudi kwa msimu mmoja.

Kwa hiyo, katika mikutano yetu ya mapatano, tusiseme amani kwa maneno makubwa tu. Tuulizane: njia ya kwenda kiwandani imefunguka? Nani anatoza watu pale? Mama anayechuma anafika salama?

Sasa birika iko tayari. Karibuni, kila mtu aonje, kisha aseme alichokisikia.