Simama Uwe Shahidi



Vijana wenzangu wa Kitui na Makueni, hebu niwaulize. Basi la kutoka Garissa likisimamishwa kabla ya Mwingi, nani huambiwa ashuke? Si wenye sura ya Kisomali? Ramadhani moja, mama mmoja alizuiwa hapo kwa ajili ya kitambulisho. Basi likaondoka. Mimi nilikuwa kitini, kimya. Nilifuturu Nairobi, yeye alifuturu wapi, sijui.

Sasa sikilizeni. Mwaka 2001 wanawake wa Kiisraeli walianzisha kikundi cha MachsomWatch. Bila silaha wala cheo, walikwenda kusimama kwenye vizuizi vya jeshi la nchi yao wenyewe, Ukingo wa Magharibi. Wakatazama Wapalestina wanavyopitishwa, wakaandika: geti limefunguliwa saa ngapi, nani karudishwa. Mwaka 2002 Baraza la Makanisa Ulimwenguni nalo likaanza kupeleka watu wa kujitolea.

Jamani, hao si Waislamu! Na sisi je, tulioamrishwa katika Suratun Nisaa, aya ya 135, kusimamia uadilifu na kutoa ushahidi hata dhidi ya nafsi zetu? Tena babu zetu wa Ukambani walining'inizwa kipande shingoni na mkoloni. Tunaijua fedheha hiyo.

Sisemi tuzue fujo. Mwenzio akishushwa, shuka naye. Simama kando kwa adabu, andika saa na mahali, mwombe dereva asubiri. Katiba ya 2010, kifungu cha 39, yampa kila mtu uhuru wa kutembea.

Saumu ya tumbo bila ya kujali mwenzio, ni njaa tu.

Wabillahi tawfiq.