Spika ya Betri na Spika ya Umeme: Ipi Itatufaa?

(Hotuba ya mtunza vyombo wa kikundi, siku ya kilele cha maadhimisho ya miaka kumi)

  

Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo tukiwa wazima. Wenzetu waliotangulia mbele ya haki tunawakumbuka. Naishukuru pia kamati ya maandalizi kwa kunipa nafasi hii. Wenzangu walionitangulia wameeleza habari za hisa, mikopo na mradi wetu wa viti na maturubai. Mimi nimepewa kuzungumzia vyombo, na katika vyombo nimechagua kimoja tu, yaani spika. Najua wapo wanaosema moyoni, "Leo sikukuu, huyu mama anatuletea habari za spika?" Nivumilieni kidogo. (Kicheko)

Nianze na jambo ambalo wengi mnalikumbuka, ingawa hatupendi kulisema. Ulikuwa mwaka wetu wa sita, siku ya mkutano mkuu. Darasa halikututosha, tukakaa nje chini ya mwembe. Tulikuwa tumekodi muziki wa kuchomeka kwenye umeme: amplifaya, spika mbili kubwa na maiki moja ya waya. Umeme tuliuvuta kwa waya mrefu kutoka nyumba ya jirani. Katibu alipofika kwenye ajenda ya marejesho, kwamba muda wa kurejesha mkopo upunguzwe kutoka miezi sita uwe minne, umeme ukakatika. Tukasubiri, haukurudi. Jua likawa linashuka, tukasema basi, tuendelee kwa mdomo.

Aliyekaa mbele alisikia. Aliyekaa nyuma, hasa bibi zetu, alisikia majani ya mwembe. Kura zikapigwa kwa kunyoosha mikono, azimio likapita.

Mwezi wa tano ulipofika, faini zikaanza kukatwa. Ndipo maneno yalipoanza. Bibi yetu mmoja alisimama kikaoni, akasema, "Mimi nilinyoosha mkono kwa kuwa wenzangu walinyoosha. Sikusikia kitu." Wanachama tisa wakataka wapewe hisa zao waondoke. Ilibidi tuitishe mkutano mwingine, turudishe faini, tupige kura upya. Jamani, hakuna aliyeiba hata senti moja. Daftari lilikuwa safi. Lakini kikundi kilikaribia kuvunjika kwa sababu watu wa nyuma hawakusikia.

Na aliyekwenda kukodi muziki ule ni mimi. Niliangalia ukubwa wa maboksi, nikaona yanapendeza. Sikujiuliza umeme ukikatika tutafanyaje. Kwa hiyo leo siongei kama mjuzi, naongea kama mtu aliyekosea akajifunza. Katika kikundi cha kuweka na kukopa, kusikia ni sehemu ya hesabu.

Sasa, katika mkutano ujao tutaamua kama sehemu ya fedha za mradi wa viti inunue spika zetu wenyewe. Mnajua tuna pande mbili. Wapo wanaotaka muziki mkubwa wa kuchomeka, ili tukodishe kwenye harusi tupate fedha. Wapo wanaotaka spika ya betri. Kamati ilinituma nichunguze. Nimeuliza mafundi, nimeazima vyombo, nimejaribu. Haya ndiyo niliyoyaona.

Kwanza, spika ya umeme. Sifa yake kubwa ni kwamba haichoki. Ukiiwasha asubuhi, itapiga mpaka usiku wa manane maadamu umeme upo. Sauti yake ni nzito, inafaa harusi yenye watu wengi wanaotaka kucheza. Ikiharibika, fundi wa hapa mjini anaifungua, na vifaa vyake vinapatikana.

Lakini inataka soketi karibu, na sisi shughuli zetu nyingi ziko mahali pasipo na soketi: chini ya mwembe, kwenye kiwanja cha mpira, nyumbani kwa mfiwa, makaburini. Ni kweli kwamba tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ilipoanza kuzalisha mwaka 2024, umeme nchini umeongezeka. Lakini umeme kuwapo kwenye gridi ni jambo moja, na nguzo kuanguka siku ya mvua hapa kwetu Muheza ni jambo jingine. Mtu atasema tuchukue jenereta. Sawa, ila jenereta inakula petroli, inanguruma, na moshi wake ni sumu inayoua mtu akifungiwa nayo ndani. Kwa hiyo lazima ikae nje na mbali, na ikikaa mbali inataka waya mrefu zaidi.

Na huo waya nao una mambo yake. Waya mwembamba ukivutwa mbali hupoteza nguvu njiani. Ukiuacha umezungushwa kwenye gurudumu lake huku umebeba mzigo mkubwa, unapata moto na unaweza kuyeyuka, kwa hiyo ukunjueni wote. Maungio ya kufunga kwa utepe si ya kutumia kwenye nyasi zenye umande, maana ni volti 230 hizo, na watoto wanakimbia hapo. Jambo jingine ni kwamba umeme ukikatika, zima amplifaya kabla haujarudi. Ukirudi kwa kishindo unaweza kuunguza chombo kizima, na faida ya harusi tatu ikaishia kwa fundi.

Pili, spika ya betri. Hii ni boksi moja. Amplifaya iko ndani, betri iko ndani, nyingi zina magurudumu na mpini. Mama mmoja anaivuta, anaiweka, anabonyeza, anaongea. Hakuna kuomba umeme kwa jirani. Nyingi pia zinaweza kuchomekwa ukutani zikiwa zinafanya kazi, lakini ulizeni kabla ya kununua, maana si zote.

Hasara yake mnaijua: betri inakwisha. Nawapa hesabu ndogo, maana sisi ni watu wa hesabu. Ndani ya nyingi za bei nafuu kuna betri iliyoandikwa 12V 7Ah. Zidisha 12 kwa 7 unapata 84, hizo ndizo wati-saa zilizomo. Spika ikivuta wastani wa wati 20, itakwenda saa 4 na kidogo. Ukiongeza sauti ikavuta wati 40, ni saa 2. Na betri za aina hii, zile za risasi na asidi, hazipendi kunyonywa mpaka mwisho. Ukizimaliza kila mara, au ukiziweka stoo bila chaji, zinakufa mapema. Kwa hiyo panga nusu ya hesabu. Muuzaji akikwambia saa nane, muulize kwa sauti ya kiasi gani.

Aina ya pili ni betri za lithiamu. Ni nyepesi, zinastahimili kuchajiwa mara nyingi zaidi, lakini bei yake iko juu. Nazo hazipendi joto kali, kwa hiyo si chombo cha kuanika juani au kufungia ndani ya gari mchana kutwa.

Tatu, akina mama, tusidanganywe na karatasi ya dukani. Utakuta spika ndogo imeandikwa wati elfu na kitu, na pembeni pana herufi PMPO. Hiyo ni namba ya kuuzia. Tafuteni iliyoandikwa RMS, ndiyo nguvu ambayo chombo kinaweza kutoa mfululizo. Tena ukizidisha wati mara mbili, sikio linaona tofauti ndogo tu. Ili usikie sauti kama imekuwa mara mbili, unahitaji wati kama mara kumi. Kwa hiyo anayelipa fedha nyingi kwa kuongezewa wati chache amenunua maandishi.

Kinachopoteza maneno kuliko vyote ni umbali na vichwa vya watu. Uwanjani, kila ukienda mbali mara mbili, sauti inapungua sana. Na spika ikiwa chini, watu wa mbele wanaimeza sauti yote. Ipandisheni kwenye stendi, au juu ya meza, ipite juu ya vichwa. Maiki isikae mbele ya spika, maana ndipo ule mluzi unaotutoboa masikio unapotoka. Spika iwe mbele, msemaji awe nyuma yake.

Sasa jaribio letu. Tulikwenda uwanja wa shule na spika zote mbili za kuazima. Aliyekuwa hakimu ni yule yule bibi yetu aliyesema hakusikia. (Makofi) Tulimkalisha nyuma kabisa, pale pale alipokaa siku ile. Katibu akasoma hesabu za mwezi kwa spika ya betri ikiwa juu ya meza. Bibi akazirudia zote, hata mia tano ya faini hakuiacha. Tukawasha ile ya umeme. Akasema, "Inanguruma, lakini maneno yanagongana." Fundi akapunguza besi. Bibi akarudia hesabu zote tena. Basi nisiionee spika ya umeme. Kwa maneno matupu zote zilifaa, ila moja ilitaka soketi na fundi, nyingine ilitaka meza tu.

Jaribio la pili lilikuwa kwenye kicheni pati ya binti wa mwenzetu. Pale tulipeleka ile ya betri tukaifungulia muziki mpaka mwisho. Sauti ikaanza kukwaruza. Na kabla bibi harusi hajatoka ndani, betri ikakata. Akina mama wakaimba kwa vigelegele na ngoma ya ndoo, mambo yakaenda. (Kicheko) Ila somo tulilipata. Spika ndogo ya betri si chombo cha kuchezea watu mia mbili usiku kucha.

Kwa hiyo mapendekezo yangu kwa kikundi ni haya.

La kwanza, tununue spika moja ya betri, pamoja na stendi na maiki mbili, moja ya waya na moja isiyo na waya. Ile ya waya ni akiba, maana ile nyingine nayo ina betri zake. Spika yenyewe iwe ni ile inayoweza kuchomekwa ukutani pia.

La pili, tusinunue muziki mkubwa. Najua wenzangu wanasema huko ndiko fedha iliko. Mimi nimepiga hesabu kwa kidole na kwa daftari. Muziki mkubwa unataka gari la kubeba, fundi wa kukesha nao, stoo yenye kufuli na fedha ya kutengeneza. Hayo yote hatuna. Vijana wetu wa hapa wanayo, ndiyo kazi yao. Harusi ikija, tukodi kwao. Tena kelele za usiku zina kanuni zake chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na sitaki kikundi kiitwe kwa mtendaji kwa sababu ya muziki wa watu. Sisi ya betri tutaikodisha kwa mikutano, arobaini na vikao vya wazazi. Fedha yake ni ndogo lakini haina maumivu. Mwanachama akifiwa, iende bure.

La tatu, pawe na daftari la chaji. Anayeirudisha anaichaji siku hiyo hiyo na kuweka sahihi. Isipotumika, ichajiwe walau mara moja kwa mwezi. Na isitoke kwenda kwenye disko, hata akiomba mtoto wa mwenyekiti. (Kicheko na makofi)

La nne ndilo kubwa, na halinunuliwi dukani. Naomba liingie kwenye katiba yetu: spika ikizimika, kura isimame. Hata kama jua limezama, hata kama kila mtu ana haraka, mkutano usipitishe jambo la fedha mpaka mwenyekiti aulize nyuma kama wamesikia, na mmoja wa nyuma alirudie azimio kwa mdomo wake. Siku ile ya mwembe hatukuwa na spika, lakini tulikuwa na miguu. Tungeweza kusogea. Tungeweza kukaa duara. Hatukufanya hivyo kwa sababu sisi wa mbele tulisikia, tukadhani imetosha.

Wale wenzetu tisa waliotaka kuondoka, saba bado tunao, na wamo humu leo. Wawili walikwenda zao. Nimekwenda kwao kuwaomba radhi, na mlango wetu uko wazi. Miaka kumi tumejivunia kwamba hatujapoteza fedha ya mtu. Ninaomba kumi ijayo tujivunie pia kwamba hatujapitisha neno ambalo mwenzetu hakulisikia.

Mgeni rasmi, akina mama wenzangu, sitawachosha. Hii mnayonisikilizia sasa ni ile ya betri, tumeiazima kwa siku moja. Kabla sijaketi naomba niulize: nyuma mnasikia?

(Tunasikia!)

Bibi, pale mwisho, unasikia?

(Nasikia, mwanangu. Malizia, chakula kinapoa.)