Motokaa Yenye Nguvu na Adui Yake, Joto

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya motokaa. Walakini si juu ya injini yake, wala matairi yake, bali juu ya chombo kilichofichwa chini yake, ambacho wengi hawakikumbuki mpaka siku kinapoharibika. Chombo hicho ni gia boksi ya otomatiki, yaani ile inayobadilisha gia yenyewe bila dereva kukanyaga klachi. Na swali letu ni hili: motokaa yenye nguvu nyingi ikiendeshwa katika nchi ya jua kali, yafaa dereva afanye nini ili gia boksi yake isiungue?

Labda mmoja wenu atasema, "Hayo ni mambo ya matajiri wenye motokaa za mbio, mimi yanihusu nini?" Jibu langu ni kwamba sheria ya joto haibagui tajiri na maskini. Mtu aliyefahamu kwa nini motokaa ya mbio huungua, amefahamu pia kwa nini gari dogo la otomatiki lililotoka Japani huweza kuungua likipandishwa mlima wa Kitonga, katika mkoa wa Iringa, likiwa limejaa watu na mizigo. Motokaa yenye nguvu hutuonyesha jambo lile lile, ila kwa ukubwa zaidi, kama kioo cha kukuzia.

Kwanza na tutazame joto latoka wapi. Mwaka 1939, huko Marekani, kampuni ya General Motors ilianza kuwauzia watu gia boksi iliyoitwa Hydra-Matic, katika motokaa za Oldsmobile za mwaka 1940. Lakini wazo la kupitisha nguvu kwa njia ya majimaji lilikuwa limekwisha kuvumbuliwa. Mjerumani mmoja, Hermann Föttinger, alipata hati ya uvumbuzi huo mwaka 1905, na wakati ule alikuwa akifikiria meli, si motokaa. Chombo chake cha kuzidisha nguvu ndicho ambacho mafundi wa leo hukiita konveta, nacho hukaa kati ya injini na gia.

Ili mwifahamu konveta, fikirini pangaboi mbili zilizowekwa zikitazamana. Washa moja, na upepo wake utaizungusha ile ya pili, ijapokuwa hazigusani. Ndani ya konveta, badala ya upepo mna mafuta. Gurudumu la kwanza lenye mapanga huzungushwa na injini, nalo huyatupa mafuta. Gurudumu la pili huyapokea, likazunguka na kuzipa gia nguvu. Katikati yao mna gurudumu dogo la tatu, ambalo huyaelekeza mafuta yarudipo ili yasaidie badala ya kuzuia. Kwa hila hiyo nguvu ya kuzungusha huongezeka, aghalabu hata karibu mara mbili, wakati gari linapoanza kuondoka.

Faida hiyo ina gharama yake. Gurudumu la pili halizunguki sawa na la kwanza, bali huchelewa nyuma. Kuchelewa huko tukuite utelezi. Nguvu inayopotea katika utelezi haitoweki; hugeuka kuwa joto, nalo huingia katika mafuta, kama viganja vya mikono vipatavyo moto ukivisugua. Dereva akikanyaga breki kwa mguu mmoja na petroli kwa mguu wa pili, gari likakaa pale pale likinguruma, basi nguvu yote ambayo injini inaipeleka katika konveta wakati ule yageuka joto tupu.

Ninyi wanafunzi, fanyeni hesabu hii. Tuseme injini inatoa kilowati 300, na sehemu 5 tu katika kila 100 zinageuka joto ndani ya gia boksi. Hizo ni kilowati 15. Birika la umeme la nyumbani hutumia kama kilowati 2. Basi ni kana kwamba mabirika saba yanachemka kwa pamoja ndani ya sanduku moja dogo la chuma, na hayazimwi maadamu dereva anashikilia petroli.

Na mafuta yale si mafuta ya kulainisha tu. Kazi yake ni nne: hupitisha nguvu, hubana klachi za ndani, hulainisha gia, na huchukua joto na kulipeleka nje. Mafundi wana kanuni yao ya kukadiria, ya kwamba mafuta yakipita digrii 80 za Sentigredi, kila digrii 10 zinazozidi huyapunguzia nusu ya maisha yake. Kwa hesabu hiyo, mafuta yanayofanya kazi kwa digrii 100 yatadumu robo tu ya muda wake, na kwa digrii 120 yatadumu fungu moja katika kumi na sita. Mafuta bora ya siku hizi huvumilia zaidi ya hapo, walakini mwendo wa jambo ni ule ule. Mafuta yaliyoungua huwa ya hudhurungi na kunuka. Mipira ya kuzuia mafuta hukauka na kuwa migumu, msukumo wa mafuta hupungua, na klachi zilizokuwa zikibanwa barabara huanza kuteleza. Hapo ndipo msiba huanza. Maana joto huzaa utelezi, na utelezi huzaa joto, hata klachi zikateketea. Na klachi iliyoteketea hairudishwi kwa kutiwa mafuta mapya. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa jua kali laingiaje katika habari hii? Joto husafiri kutoka penye joto jingi kwenda penye joto kidogo, na kadiri tofauti ilivyo kubwa, ndivyo lisafirivyo upesi. Mafuta yakiwa na digrii 100, na hewa ya nje digrii 20, tofauti ni 80. Hewa ikiwa digrii 45, tofauti imebaki 55. Kipozeo ni kile kile, upepo ni ule ule, lakini uwezo wake umepungua karibu theluthi moja. Dereva hakuongeza mwendo wala mzigo. Ni hali ya hewa tu iliyompunguzia akiba yake.

Mahali pa kuliona jambo hili waziwazi ni Death Valley, katika jimbo la California, huko Marekani. Maana ya jina hilo ni Bonde la Mauti. Sehemu yake iliyo chini kabisa iko meta 86 chini ya usawa wa bahari, na tarehe 10 Julai 1913 joto la hewa lilipimwa hapo likaandikwa kuwa digrii 56.7. Makampuni ya motokaa hupeleka motokaa zao mpya huko wakati wa kiangazi ili zijaribiwe. Kutoka kituo cha Stovepipe Wells, kilicho karibu na usawa wa bahari, barabara hupanda mpaka Townes Pass, mahali palipo juu karibu meta 1,500, kwa mwendo wa kilometa zaidi ya 20 tu. Vibao vya njiani vimewaonya madereva wazime mashine ya kupoza hewa ya ndani wanapopanda.

Tuseme bwana mmoja anapanda hapo saa nane mchana, na motokaa yake ina nguvu za kumtosha yeye na mwingine. Mkewe na watoto wamo ndani. Mashine ya kupoza hewa inafanya kazi, na joto lake latupwa mbele ya rejeta. Kwa kuwa gari ni jepesi kwenda, yeye huwapita wenzake, hupunguza mwendo kwenye kona, kisha hukanyaga tena kwa nguvu. Kila akanyagapo, konveta hufunguka na kuteleza. Mara taa ya onyo inawaka, naye asema moyoni, "Kilele kiko karibu." Wasikilizaji wangu, neno hilo ndilo la hatari. Katika sehemu kubwa ya bonde lile simu za mkononi hazishiki, kivuli hakuna, na watu wamekufa huko kwa joto. Gia boksi ni chuma, nayo hununuliwa. Mtoto hanunuliwi.

Wala msidhani kwamba dawa ni kungoja usiku. Jamaa zetu wasemao Kiswahili walioko Omani wanajua sana. Mwezi wa Juni mwaka 2018, katika mji wa Quriyat, ilipita siku nzima, usiku na mchana, na joto la hewa halikushuka chini ya digrii 42.6. Basi mtu wa huko hawezi kuutegemea usiku. Sharti ategemee akili yake na chombo chake.

Hata mabingwa wamefundishwa somo hili. Huko Midland, katika jimbo la Texas, Jim Hall na Hap Sharp walitengeneza motokaa za mbio zilizoitwa Chaparral, wakazitia gia boksi zenye konveta wakati ambapo wengi waliona kuwa chombo hicho si cha mbio. Mwaka 1965 walishinda mashindano ya saa 12 ya Sebring, na mwaka 1966 Chaparral ikashinda mbio za kilometa 1,000 za Nürburgring, huko Ujerumani. Lakini mwaka 1967, katika mashindano ya saa 24 ya Le Mans, motokaa yao ilikuwa na mwendo mkali kabisa, na gia boksi ndiyo iliyowatoa. Mbio ndefu hazishindwi na mwenye nguvu, bali na mwenye chombo kifikacho mwisho.

Basi tufanye nini? Shauri langu lina mafungu matatu.

Fungu la kwanza: usilizalishe joto bila sababu. Gia boksi za siku hizi zina klachi ndani ya konveta, ambayo huyafunga yale magurudumu mawili yakawa kitu kimoja. Kampuni ya Packard ilikuwa nayo tangu mwaka 1949. Ikifunga, utelezi hukoma na joto hupungua upesi. Kwa hiyo ukipanda mlima mrefu, chagua gia ya chini mapema, uende kwa mwendo mmoja wa kadiri, ili konveta ipate kufunga na pampu ya mafuta izunguke vema. Usilishike gari mlimani kwa petroli. Lishike kwa breki. Wala usinguruma na kuvuta breki mbele ya rafiki zako ili wakusifu. Sifa hiyo hudumu dakika moja, na gharama yake ni ya mwaka mzima.

Fungu la pili: lifungulie joto mlango wa kutokea. Katika motokaa nyingi mafuta hupita kwanza katika tangi dogo ndani ya rejeta. Lakini maji ya rejeta yenyewe yana digrii kama 90, nayo hayawezi kuyapoza mafuta chini ya hapo. Ndiyo maana motokaa yenye nguvu hupewa kipozeo cha pili, kinachopigwa na upepo mbele. Aghalabu ni vema mafuta yapite katika rejeta kwanza, kisha katika kipozeo cha upepo, ndipo yarudi katika gia boksi. Kipozeo kikiwa kikubwa, kiwekewe vali ya kuyapitisha mafuta kando wakati wa baridi, maana mafuta mazito nayo si mema. Mabomba yasipindwe hata yakazibana, wala yasiguse bomba la moshi. Kisha kagua: vumbi, majani na wadudu waliokufa wakiziba nafasi zile nyembamba, kipozeo cha thamani kubwa kimekuwa ukuta tu.

Fungu la tatu: yatunze mafuta yenyewe. Tumia aina iliyoandikwa katika kitabu cha motokaa yako, usichanganye ovyo. Pima kwa namna kitabu kinavyosema, maana mafuta hupanda yakipata moto. Yakipungua, pampu huvuta hewa. Yakizidi, gia huyapiga yakatoka povu, na povu halipozi wala halibani klachi. Motokaa inayokimbizwa katika jua ibadilishwe mafuta mapema kuliko ile iendayo sokoni. Tena weka kipimo cha joto la mafuta, ukijua kipimo chako kimewekwa wapi; kwa kuwa mafuta yatokayo katika konveta huwa na moto zaidi kuliko yale yaliyotulia chini katika karai.

Na taa ya onyo ikiwaka? Ondoka barabarani kwa usalama, mbali na majani makavu, kwa kuwa bomba la moshi ni moto. Weka gia mahali pa kusimamia. Ikiwa maji ya injini hayachemki na hakuna mafuta yanayomwagika, usizime injini upesi. Iache izunguke taratibu, ili pampu iendelee kuyapeleka mafuta kwenye kipozeo na feni ifanye kazi. Mashine ya kupoza hewa izimwe. Wape abiria maji ya kunywa, ungoje mpaka kipimo kishuke. Vivyo hivyo waendeshao katika viwanja vya mbio: mzunguko wa mwisho uwe wa polepole, ndio wa kupozea.

Yule bwana wa Townes Pass, kama angalisimama taa ilipowaka, angalipoteza labda nusu saa. Nusu saa ni bei ndogo. Wazee wetu walisema, "Haraka haraka haina baraka," nao hawakuwa na motokaa. Walakini walijua kwamba kila kitu chenye nguvu kina kipimo chake, na mwenye akili hukitazama kabla hakijapita.